Nani Aliyelipia Ndege Kabla Haijapata Abiria?

Habari ya kwanza kamili ya mtu aliyeona kwa macho yake ndege ikipaa, ikazunguka na kurudi ilikotoka haikuandikwa na gazeti kubwa la New York wala la London. Ilitoka Januari 1905 kwenye jarida la wafugaji nyuki. Mwenye jarida, Amos Root, alikuwa mfanyabiashara wa mizinga na vifaa vya asali katika mji wa Medina, jimbo la Ohio nchini Marekani, mtu wa ibada na mpenzi wa kila mashine mpya. Alisikia kwamba mafundi baiskeli wawili wa Dayton, Wilbur na Orville Wright, wanarusha chombo kwenye malisho ya ng'ombe nje ya mji, akapanda gari lake akaenda kuona. Tarehe 20 Septemba 1904 alikuwepo pale Wilbur alipokamilisha duara zima hewani kwa mara ya kwanza. Wasomaji wake wakapata habari hiyo katikati ya mambo ya masega na nta.

Malisho yale yalikuwa jirani na kituo cha tramu. Ndugu hao walipenda kuruka wakati tramu haipo, lakini utaificha vipi mashine yenye mabawa ya mita 12 inayonguruma juu ya vichwa vya ng'ombe? Magazeti ya Dayton hayakuwa mbali. Hayakujisumbua kwenda.

Nimeitumia likizo hii ya chuo kusoma mambo ya miaka hiyo, nikianza na swali jepesi la chemsha bongo: nani aliruka kwanza? Swali hilo lina majibu, na nitayaeleza, ila kadiri nilivyosoma ndivyo lilivyonivutia jingine. Ndege ya 1905 haikubeba mzigo wala abiria wa kulipa nauli. Haikufikisha barua. Hata hivyo injini, mbao za mabawa, kitambaa, mafuta na mazishi ya marubani, vyote vilitaka fedha. Zilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa zilitoka kwa watu waliokuwa chini wakitazama juu: msomaji wa gazeti la bei poa, mwenye tiketi ya maonyesho, mnunuzi wa postikadi. Kwa miaka kama kumi, kabla jeshi halijashika usukani, ndege iliishi kwa burudani.

Mafundi wasiotaka watazamaji

Tuanze na tarehe ambayo kila mtu anaijua, 17 Desemba 1903, kwenye mchanga wa Kill Devil Hills karibu na Kitty Hawk, North Carolina. Orville aliruka kwa sekunde 12, umbali wa mita 37. Siku hiyo hiyo walipokezana mara nne, na safari ya mwisho, Wilbur akiwa rubani, ilidumu sekunde 59 na kufika mita 260. Wakampelekea baba yao simu ya maandishi. Gazeti moja la Virginia likachapa habari iliyojaa chumvi, mengine mengi yakaitupa kapuni.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni kwamba wahariri walikuwa wametoka kuumwa na nyoka. Samuel Langley, mkuu wa taasisi ya Smithsonian na mwanasayansi mwenye jina, alikuwa amepewa na Wizara ya Vita dola 50,000 za umma. Chombo chake kilitumbukia mto Potomac mara mbili, mara ya pili tarehe 8 Desemba 1903, siku tisa tu kabla ya Kitty Hawk. Magazeti yalimcheka bila huruma. Mhariri aliyemcheka profesa wiki iliyopita hawezi wiki hii kuamini mafundi baiskeli ambao hawakumaliza hata rasmi masomo ya sekondari.

Sababu ya pili ni ndugu wenyewe. Hawakutaka umaarufu, walitaka hataza na mkataba. Duka la baiskeli liliwalisha, kwa hiyo hawakuhitaji tiketi za mtu. Oktoba 1905 Wilbur alikaa hewani dakika 39 na kuzunguka karibu kilomita 39, kisha wakaifungia mashine ndani. Hawakuruka tena hadi Mei 1908. Msimamo wao kwa wanunuzi ulikuwa mgumu: saini mkataba kwanza, utaona ndege baadaye. Hata serikali ya nchi yao ilisita. Paris nako gazeti moja la Kiingereza liliuliza kama hawa ni warukaji au waongo tu, na ukweli ni kwamba kwa mwenendo ule swali halikuwa la kijinga.

Paris, mahali pa kuonekana

Sasa mgeukie Alberto Santos-Dumont, mtoto wa tajiri wa kahawa kutoka Brazil aliyehamia Paris. Huyu alikuwa kinyume cha akina Wright kwa kila kitu. Tarehe 19 Oktoba 1901 alilizungusha puto lake lenye injini kwenye mnara wa Eiffel mbele ya umati na kushinda zawadi ya faranga 100,000, ambayo aliigawa kwa wafanyakazi wake na maskini wa jiji. Mwaka 1903 alikuwa na puto dogo kiasi cha kulitua mlangoni kwake, barabara ya Champs-Élysées, akapanda juu kunywa kahawa, akashuka na kuondoka. Kofia yake na kola zake ndefu zikaigwa. Saa ya mkononi ambayo Louis Cartier alimtengenezea, ili asihangaike kutoa saa mfukoni akiwa hewani, inauzwa mpaka leo kwa jina lake.

Tarehe 23 Oktoba 1906, kwenye uwanja wa Bagatelle, alirusha ndege yake 14-bis umbali wa mita 60 hivi. Novemba 12 akafika mita 220. Ilikuwa mashine ya ajabu, usukani wake ukiwa mbele kabisa kiasi kwamba ilionekana kama inaruka kinyumenyume, na rubani akisimama ndani ya kikapu cha puto. Lakini kulikuwa na kamati, kulikuwa na watu wa kupima, kulikuwa na wapiga picha. Kwa Ulaya nzima, siku hiyo ndiyo siku binadamu aliruka.

Hapa ndipo ubishi wa "nani wa kwanza" unapozaliwa, na haujafa. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Wabrazili waliirusha 14-bis ya maigizo juu ya uwanja, na Wamarekani wengi wakanuna. Hoja ya Brazil ni kwamba ndege ya Santos-Dumont ilikimbia kwa magurudumu yake na kupaa bila msaada, ilhali akina Wright walitumia reli ya mbao na, kuanzia 1904, mnara wenye uzito unaoporomoka kuivuta ndege mbele. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Mnara ulikuwepo 1904, lakini siku ile ya 1903 haukuwepo. Kulikuwa na reli na upepo mkali wa kukabiliana nao. Na mwaka mmoja kabla ya Bagatelle, Wilbur alikuwa ameshakaa hewani dakika 39. Mita 220 na kilomita 39 si mambo ya kuwekwa kwenye mizani moja. Kwa maoni yangu akina Wright waliruka kwanza na Santos-Dumont alionekana kwanza, na watu wanaogombana mara nyingi wanagombania vitu viwili tofauti bila kujua.

Tofauti ya kiufundi ilikuwa kubwa kuliko tarehe. Wafaransa walidhani kuongoza ndege ni kama kuongoza mashua: unageuza usukani, pua inafuata, chombo kinabaki sawa bin sawia. Fundi baiskeli anajua kwamba hukati kona bila kuinama. Mwaka 1899 Wilbur alikuwa dukani ameshika boksi tupu la mpira wa ndani wa baiskeli, akawa analinyonga bila kufikiri, kona hii juu na ile chini. Akaona mabawa. Ukivuta waya ukapinda ncha ya bawa la kulia upande mmoja na ya kushoto upande wa pili, ndege inalala ubavu na kugeuka. Pamoja na usukani wa juu-chini na ule wa kulia-kushoto, rubani alikuwa ameshika mielekeo yote mitatu. Wafaransa mpaka 1908 walikuwa wanageuka kwa kuburuza, mapana kama lori.

Halafu tarehe 8 Agosti 1908 Wilbur alijitokeza kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Hunaudières, karibu na Le Mans. Wiki nyingi alikuwa akijenga upya ndege iliyofika kutoka Marekani imevunjikavunjika kwenye makasha, akilala bandani kando yake. Waliofika siku hiyo hawakuwa wengi, lakini wakosoaji wakubwa walikuwemo, na Louis Blériot alikuwa jukwaani. Jioni ndege ilipaa. Ikafika mwisho wa uwanja, ikalaza bawa, ikageuka mbele ya macho yao, ikarudi, ikageuka tena. Dakika moja na sekunde 45, ikatua. Watu waliruka viti. Ndani ya siku chache maelfu walikuwa wanakuja kwa treni, na kofia ya kitambaa ya Wilbur, aliyokuwa akiivaa kwa sababu tu ni kofia yake, ikawa inauzwa madukani kama mtindo.

Zawadi isiyogharimu kitu

Mtu aliyeelewa mapema kuliko wote kwamba ndege ni bidhaa ya gazeti alikuwa Alfred Harmsworth, baadaye Lord Northcliffe, mwenye Daily Mail ya London. Gazeti hilo alilianzisha 1896 na kuliuza nusu peni, akiwalenga makarani na wake zao. Inasimuliwa kwamba habari ya Santos-Dumont ilipochapwa kwa mistari michache, aliwafokea wahariri wake: hamwoni kwamba Uingereza si kisiwa tena? Mwaka huo huo wa 1906 akatangaza pauni 10,000 kwa atakayeruka kutoka London hadi Manchester. Jarida moja la vichekesho likajibu kwa kutangaza pauni 10,000 kwa atakayekwenda sayari ya Mars na kurudi ndani ya wiki.

Tazama hesabu yake, maana hapa ndipo mambo yanapofungamana. Zawadi haigharimu senti mpaka mtu ashinde. Wakati huo gazeti lina habari kila wiki: nani anajiandaa, nani ameanguka, nani ameahirisha kwa sababu ya upepo. Mtu akishinda, una toleo litakaloisha asubuhi. Akifa akijaribu, nalo litaisha. Rubani naye anapata kitu ambacho benki isingempa kamwe. Mtengenezaji wa injini anapata tangazo. Kila mtu analamba asali, na anayelipia ni msomaji, nusu peni baada ya nusu peni.

Zawadi iliyotikisa dunia ilikuwa ndogo zaidi, pauni 1,000 kwa kuvuka mlangobahari unaotenganisha Ufaransa na Uingereza. Blériot alikuwa anahitaji ushindi ule kwa udi na uvumba. Alikuwa ametajirika kwa taa za gari za gesi, kisha utajiri ukaishia kwenye ndege zilizokuwa zikianguka moja baada ya nyingine. Mpinzani wake Hubert Latham alikuwa ameshajaribu tarehe 19 Julai 1909 na injini ikamzimikia. Alikutwa amekaa juu ya ndege inayoelea. Tarehe 25 Julai, kabla ya saa 11 alfajiri, Blériot aliondoka karibu na Calais. Mguu wake ulikuwa umeungua siku za nyuma hata akatembea kwa magongo. Hakuwa na dira. Injini yake ya Anzani ilikuwa na nguvu za farasi 25, pungufu ya pikipiki kubwa za leo, na ilijulikana kwa kupata joto haraka. Aliiacha nyuma manowari iliyomsindikiza, na kwa dakika kama kumi hakuona nchi kavu upande wowote. Alipoona majabali ya Dover, upepo ulikuwa umemsukuma pembeni. Mwandishi wa habari Mfaransa alikuwa amesimama kwenye uwanja wa majani karibu na ngome, akipunga bendera kubwa ya nchi yao kumwonyesha pa kutua. Alitua kwa kishindo, magurudumu na rafadha vikavunjika. Safari nzima ilikuwa dakika 36 na ushei.

Kilichofuata ndicho kinachonifurahisha. Gordon Selfridge, mwenye duka jipya la fahari London lililofunguliwa Machi mwaka huo, aliwahi ndege ile na kuiweka dukani mwake. Kuitazama ilikuwa bure. Zaidi ya watu laki moja walipita kwa siku nne, na hukuti kiwango hicho cha wateja kwa tangazo la kawaida. Blériot mwenyewe, aliyekuwa maji ya shingo, alipata oda za ndege zaidi ya 100 ndani ya miezi michache.

Mwezi uliofuata, nje ya jiji la Reims, watengenezaji wa mvinyo wa Champagne walidhamini wiki nzima ya mashindano, tarehe 22 hadi 29 Agosti. Kulikuwa na majukwaa, mgahawa, kinyozi, mabalozi na wanawake waliovalia kama wanakwenda harusini. Kombe la mbio lilitolewa na mwenye gazeti mwingine, Gordon Bennett wa New York Herald, na Mmarekani Glenn Curtiss akalibeba. Mwaka 1910 zile pauni 10,000 za Manchester, ambazo watu walizifanyia utani, zilichukuliwa na Mfaransa Louis Paulhan. Alifuata reli, kampuni ya treni ilikuwa imepaka chokaa mataruma ya njia panda ili asipotee. Mpinzani wake Mwingereza, Claude Grahame-White, alijaribu kumfukuzia kwa kuondoka usiku wa manane kwenye mwanga wa taa za magari, akashindwa, na kwa kushindwa huko akawa kipenzi cha taifa.

Walichotaka kuona

Burudani ina upande wake wa giza na siwezi kuuruka. Mwaka 1910 akina Wright wenyewe walikubali yaishe, wakaunda timu ya maonyesho. Rubani alilipwa dola 20 kwa wiki na dola 50 kwa siku ya kuruka. Ndugu walitoza dola 1,000 kwa siku kwa kila ndege. Ralph Johnstone, aliyekuwa akifanya sarakasi za baiskeli jukwaani, akawa nyota wa timu. Tarehe 17 Novemba 1910, jijini Denver, bawa lilikatika akiwa anashuka kwa mzunguko, akaanguka mbele ya watu. Umati ulivunja uzio. Haukwenda kumwokoa. Walikimbilia mabaki na kunyang'anyana vipande vya mbao, vitambaa, hata glavu za marehemu, kama kumbukumbu. Mwaka mmoja baadaye timu ilivunjwa.

Kampuni nazo ziliona mwanya. Mwenye magazeti William Randolph Hearst aliweka dola 50,000 kwa atakayevuka Marekani kwa siku 30. Calbraith Rodgers akapata mdhamini: kampuni ya nyama iliyokuwa inaanzisha soda ya zabibu iitwayo Vin Fiz. Ndege ikapakwa jina la soda chini ya mabawa. Treni maalumu ilimfuata ikiwa na karakana, mke wake na mama yake. Alilipwa dola tano kwa kila maili upande wa mashariki na dola nne magharibi, kwa sababu huko watu wa kulisoma tangazo walikuwa wachache. Nimewahi kusikia mikataba mingi ya udhamini, lakini huu wa kupima ujasiri wa mtu kwa idadi ya macho unatia fora. Aliondoka New York tarehe 17 Septemba 1911. Siku iliyofuata aligonga mti na kuishia kwenye banda la kuku. Alianguka tena na tena, mafundi wakaunga tena na tena. Alifika Pasadena, California, siku 49 baada ya kuondoka, muda wa zawadi ukiwa umepita zamani, na ndege ikiwa imebaki na vipande vichache tu ilivyoanza navyo. Aprili 1912 alikufa kwa ajali ya ndege baharini, karibu na Long Beach.

Soda ile ikampata mtu mwingine wa kuinadi. Harriet Quimby, mwandishi wa jarida la New York na mtunzi wa hadithi za filamu, alikuwa mwanamke wa kwanza Marekani kupata leseni ya urubani, Agosti 1911. Alijua thamani ya kuonekana: vazi lake la kurukia, la rangi ya zambarau, lilibuniwa kwa ajili hiyo. Tarehe 16 Aprili 1912 alivuka mlangobahari ule wa Blériot, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo akiwa peke yake. Siku moja kabla, Titanic ilikuwa imezama. Kurasa zote zikaenda kwa meli na Quimby akapata aya chache za ndani. Julai 1 mwaka huo alikufa kwenye maonyesho karibu na Boston.

Magazeti yaliyoweza kumfuta mtu yaliweza pia kumfungulia mlango. Bessie Coleman alikuwa akitengeneza watu kucha kwenye kinyozi Chicago. Shule zote za urubani Marekani zilimkataa, kwa kuwa ni mweusi na kwa kuwa ni mwanamke. Robert Abbott, mwenye gazeti la watu weusi la Chicago Defender, alimshauri ajifunze Kifaransa aende Ufaransa. Akaenda, akasoma kwenye shule ya ndugu wa Caudron, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni ya kimataifa. Aliporudi, Defender ilimtangaza kwa herufi kubwa na maonyesho yake ya 1922 huko New York yakajaza watu. Jimboni Texas alikataa kuruka mpaka mlango wa kuingilia uwe mmoja kwa weusi na weupe. Alikufa 1926 huko Jacksonville, akijiandaa kwa maonyesho.

Kwa asiye na fedha ya tiketi kulikuwa na postikadi. Studio za picha za Ulaya na Marekani ziliweka ndege ya mbao na turubai lililochorwa mawingu; mchumba na mchumba wake wanaingia, wanashika usukani, wanatoka na picha ya kumpelekea shangazi. Wengi wa waliopigwa picha hizo hawakuwa wameiona ndege ya kweli. Mchezo huo ulikuwa na maisha marefu. Mombasa, wapiga picha wa kivuko cha Likoni walikuwa na vibanda vyenye ndege na meli za kuchora katika miaka ya 1990, na babu zetu wengi, pwani na bara, wana picha ya namna hiyo kwenye albamu.

Ndege inafika kwetu

Afrika Mashariki ndege nazo zilikuja kwa mlango wa maonyesho. Katikati ya 1914 Mjerumani Bruno Büchner, aliyewahi kuwa mshindani wa mbio za baiskeli, alifika Dar es Salaam na ndege yake kwa ajili ya maonyesho makubwa ya koloni yaliyopangwa Agosti. Agosti ilileta vita. Jeshi likaichukua ndege, na haikudumu. Upande wa Waingereza mambo yalifanana: manowari ya Kijerumani Königsberg ilipojificha kwenye delta ya Rufiji, waliazima kutoka Durban ndege ya majini ya mtu binafsi pamoja na rubani raia, Dennis Cutler. Novemba 1914 aliiona meli ile kati ya mikoko. Mwezi uliofuata injini ilimwangusha mikononi mwa Wajerumani.

Kufikia Julai 1915 ndege za Farman na Caudron, majina ya mashindano ya Ufaransa, zilikuwa zinaruka kutoka kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 mwezi huo John Cull na mwenzake Arnold walizunguka juu ya delta wakiwaelekeza kwa redio wapiga mizinga wa manowari mbili ndogo wasioweza kuona shabaha. Ndege yao ilipigwa. Walipokuwa wakishuka bila injini, Arnold aliendelea kutuma masahihisho: risasi zinapiga sehemu ya mbele ya meli, sogeza nyuma. Wakaangukia mtoni, wakaponea chupuchupu, na Königsberg ikazamishwa na mabaharia wake.

Novemba 1917 Ujerumani ikajaribu jambo la kichaa zaidi. Meli ya angani ya Zeppelin, L59, iliondoka Jamboli, Bulgaria, na tani 15 hivi za risasi, dawa na vifaa kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki. Haikukusudiwa kurudi: turubai lake lingegeuzwa mahema na kitambaa chake bandeji. Ikiwa juu ya Sudan iliitwa kwa redio irudi. Ilitua Jamboli baada ya saa 95 na kilomita 6,757. Zeppelin zenyewe zilikuwa zimeokolewa na umma: mwaka 1908 moja ilipoungua huko Echterdingen, Wajerumani wa kawaida walichanga zaidi ya marki milioni sita kumwezesha mbunifu wake, Ferdinand von Zeppelin, kujenga nyingine.

Vita vilipokwisha, Northcliffe hakuwa amebadilika. Daily Mail iliwalipa Alcock na Brown pauni 10,000 kwa kuvuka Atlantiki Juni 1919. Gazeti lake jingine, The Times, lilidhamini safari ya ndege kutoka Uingereza hadi Cape Town, na kumpakia ndani Peter Chalmers Mitchell wa chama cha elimu ya wanyama cha London ili atume makala njiani. Viwanja vya kutulia vilikuwa vimefyekwa na wenyeji kwa majembe na mapanga, na sehemu nyingine wakachimba vichuguu vizima na kuvibeba. Ndege ilisumbuliwa na injini njia nzima. Tarehe 27 Februari 1920 ilianguka Tabora ikijaribu kuondoka. Tabora iko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye joto hewa huwa nyepesi: bawa linapata egemeo dogo, injini inavuta hewa kidogo, na uwanja uliotosha Ulaya unakuwa mfupi. Hakuna aliyekufa. Wiki moja baadaye wapinzani wao kutoka Afrika Kusini, van Ryneveld na Brand, walianguka Bulawayo katika hali ya kufanana na hiyo. Wakapewa ndege nyingine na kufika Cape Town Machi 20.

Safari iliyoishia Tabora ilikuwa bado ni safari ya kuandikwa gazetini. Iliyofuata haikuwa hivyo. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza huduma ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Mwanzoni abiria waliishia Khartoum. Kilichofika Mwanza kilikuwa mifuko ya barua, na mlipaji alikuwa serikali.